Kifo cha wengi, harusi ya nani?

Swali: Nafundisha historia kidato cha tano mkoani Tanga. Kitabu tunachotumia kinasema tauni ya mwaka 1348 iliua theluthi ya watu wa Ulaya, wakulima wakawa adimu, ujira ukapanda na utwana, yaani mkulima kufungwa kwenye ardhi ya kabaila, ukaanza kuporomoka. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: tauni hiyo hiyo si ilipiga na Misri na Sham (Syria na jirani zake)? Mbona huko hatusikii kwamba wakulima walineemeka? Mwenzake akadakia kuwa ni kwa sababu Waislamu walikatazwa kuikimbia tauni, wakakaa wakafa. Nilikosa la kuwaambia. Na je, ugonjwa huo ndio ule uliokuwa ukisumbua Lushoto tulipokuwa wadogo?

Jibu: Mwalimu, huyo mwanafunzi wa kwanza mtunze. Swali lake limewahangaisha wanahistoria wa uchumi kwa miaka mingi, na jibu ninaloliamini mimi limo kwenye tope la Mto Nile. Huyo wa pili naye tutamfikia, maana alilolisema lina ukweli nusu, na ukweli nusu una kazi kubwa kuusahihisha kuliko uongo mzima.

Tuanze na njia ugonjwa uliyopita, kwa sababu ndipo panapoanza kosa. Vitabu vingi huichora tauni kama mshale mmoja utokao Asia kuelekea Ulaya, na Misri ikabaki pembeni ya ramani. Ushahidi wa mapema tulio nao unatoka karibu na ziwa Issyk-Kul, katika Kirgizia ya leo. Kwenye makaburi ya Wakristo wafanyabiashara wa huko, mawe ya miaka ya 1338 na 1339 yaliongezeka ghafla, na baadhi yameandikwa kwa Kisiria kwamba marehemu alikufa kwa tauni. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba wamekikuta kimelea chenyewe katika meno ya watu waliozikwa pale. Kutoka huko, ugonjwa ulisogea na misafara mpaka Bahari Nyeusi, na kufikia 1346 ulikuwa umefika Kaffa, bandari ya Wagenoa katika Krimea, iliyokuwa imezingirwa na jeshi la Wamongolia.

Bila shaka wanafunzi wako wanaijua hadithi ya Wamongolia kurusha maiti juu ya ukuta wa Kaffa. Ni hadithi tamu, lakini mwandishi wake, Gabriele de' Mussi, alikuwa mwanasheria wa Piacenza, Italia, na hakuwapo. Panya hahitaji kurushwa. Anapita chini ya lango usiku, na viroboto wake wabebao tauni mwilini.

Katika vuli ya 1347, meli zitokazo Bahari Nyeusi na Konstantinopoli zilifikisha tauni Messina, katika kisiwa cha Sisilia, na Iskandaria, Misri, karibu wakati mmoja. Hilo walisisitizie darasani: Misri haikuambukizwa na Ulaya, wala Ulaya na Misri. Wote wawili walikuwa wateja wa bandari zile zile. Italia ilinunua huko nafaka na ngozi. Misri ilinunua wavulana. Watawala wake walikuwa Wamamluki, wanajeshi waliotekwa au kuuzwa wangali wadogo kutoka nyika za Wakipchaki na milima ya Kaukasi, wakasilimishwa, wakafunzwa upanga na farasi, na baadaye wakatawala. Neno letu "mamluki" limetoka huko huko: kwa Kiarabu ni mtu anayemilikiwa. Sisi tumelipeleka kwa askari wa kukodiwa.

Al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo aliyezaliwa 1364 na kuandika kwa kutegemea vitabu vya waliomtangulia, anasimulia meli iliyotia nanga Iskandaria ikiwa imejaa wafanyabiashara, mabaharia na watumwa. Karibu wote walikuwa wamekwisha kufa njiani. Waliosalia wakafia bandarini. Mwaka uliofuata tauni ikapanda mto mpaka Kairo, na majira ya vuli na baridi ya 1348 ndiyo yaliyokuwa mabaya kuliko yote.

Dalili zake zilifanana kila mahali: homa kali, kisha mitoki mikubwa kinenani, kwapani au shingoni. Mwandishi Boccaccio wa Firenze, Italia, aliilinganisha na yai au tofaa. Ikiwa bila dawa, tauni ya mitoki huua kati ya wagonjwa 30 na 60 katika kila 100. Ikishuka mapafuni, mgonjwa hutema damu na huwaambukiza wengine kwa kikohozi, na bila dawa ni nadra mtu kupona. Ndiyo maana waandishi wa siku zile wanatofautiana: mmoja anasema mgonjwa alikufa siku ya tano, mwingine anasema hakumaliza ya pili.

Sasa hesabu. "Theluthi" ya kitabu chenu ni makadirio ya chini. Kwa nchi nyingi za Ulaya, wanahistoria wa sasa wanakaribia nusu. Uingereza, iliyokuwa na watu kama milioni 5 kabla ya tauni, ilibaki na takriban milioni 2.5 kufikia 1377, baada ya wimbi la kwanza na yale yaliyofuata. Kwa Kairo tunaye shahidi ambaye watu wa pwani yetu wanamfahamu. Ibn Battuta, yule yule aliyeshuka Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alikuwa Sham mwaka 1348, akirudi kwao baada ya miaka mingi ya kuzunguka. Anasema Dameski vifo havikufika 2,000 kwa siku, ila Kairo vilifika 24,000. Waambie wanafunzi wapige hesabu wenyewe: mji usiozidi nusu milioni ya watu, ukipoteza 24,000 kila siku, unakwisha ndani ya wiki tatu. Kairo haikwisha. Namba ile ni kilio kilichoandikwa kwa tarakimu, na tuisome hivyo. Lakini kilio chenyewe kilikuwa cha kweli. Majeneza yaliisha, maiti wakabebwa juu ya mbao na milango iliyong'olewa, na wasoma Kurani mazishini wakapata malipo ambayo hawakuwahi kuyaota. Ibn Battuta mwenyewe alipokaribia nyumbani, Morocco, alipokewa na habari kwamba mama yake amekufa kwa tauni.

Hapo sasa nije kwa kijana wako wa pili. Hadithi ya Mtume anayoikusudia ni sahihi na inajulikana: mkisikia tauni iko katika nchi msiiingie, na ikitokea katika nchi mliyomo msitoke kwa kuikimbia. Isome tena polepole, mwalimu. Nusu ya kwanza inamzuia mzima asiende penye ugonjwa, nusu ya pili inamzuia aliyekwisha kukaa penye ugonjwa asiupeleke kwingine. Mwaka 639 hivi, khalifa Umar alikuwa njiani kuelekea Sham akaambiwa kuna tauni, akageuza msafara. Abu Ubayda, amiri wa jeshi lake huko Sham, akamuuliza, unaikimbia kadari ya Mungu? Umar akajibu, naam, tunaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Ulaya wenyewe walisubiri hadi 1377 ndipo mji wa Dubrovnik ulipoamuru wageni watokao penye tauni wakae pembeni siku 30. Baadaye siku zikawa 40, na kutokana na neno la Kiitaliano la arobaini tukapata karantini.

Na je, hadithi ile ilifuatwa? Watu ni watu. Sultani Hasan, kijana wa miaka kama 13 tu, alihamishiwa Siryaqus nje ya Kairo tauni ilipopamba moto. Vijijini watu waliacha mashamba wakakimbilia mjini. Wapo waliokaa kwa imani kwamba afaye kwa tauni ni shahidi, na wapo waliokimbia wakiwa na imani hiyo hiyo. Kwa upande wa utabibu, madaktari wa pande zote mbili walisema yale yale, kwamba hewa imechafuka. Wale wa Chuo Kikuu cha Paris walimwandikia mfalme wao kwamba chanzo ni kukutana kwa sayari za Zohali, Mshtarii na Mirihi mnamo Machi 1345. Granada, Hispania, alikuwako Ibn al-Khatib, Mwislamu na tabibu, aliyeandika wazi kwamba ugonjwa unaambukiza kwa nguo, vyombo, hata hereni. Kwa hiyo dini haitufikishi mbali katika kueleza nani alikufa na nani alineemeka.

Pale ilipoleta tofauti ni kwenye kutafuta mchawi. Dameski, mnamo Julai 1348, watu walifunga siku tatu, kisha wakatoka miguu mitupu kwenda kuomba pamoja, Waislamu na misahafu yao, Mayahudi na Taurati, Wakristo na Injili. Strasbourg, tarehe 14 Februari 1349, mamia ya Mayahudi walichomwa moto kwa kusingiziwa kwamba wametia sumu visimani, na tauni ilikuwa bado haijafika mjini. Papa Clement VI alikuwa ameshapiga marufuku uzushi huo mwaka 1348, akieleza kwamba Mayahudi nao wanakufa kama wengine. Hakusikilizwa. Nisije nikaonekana naipaka Misri mafuta: miaka sita baada ya maombi yale ya Dameski, mwaka 1354, Wakristo wa Kikopti wa Misri walishambuliwa na makanisa yao yakanyang'anywa ardhi ya wakfu. Ila hiyo ni mada nyingine.

Turudi kwa wakulima. Methali yetu husema kifo cha wengi ni harusi, kwa maana ya kwamba msiba wa pamoja unabebeka. Kitabu chenu cha shule kimeisoma methali kwa maana nyingine kabisa: waliosalia walikula karamu. Uingereza, kwa kiasi fulani, ni kweli, ingawa karamu ilichelewa. Kabaila aliyekuwa na watwana 60 akibaki na 30, mashamba 30 yako wazi na mavuno yamesimama. Kabaila jirani yake ana shida hiyo hiyo, na usiku anatuma ujumbe kwa kibarua: njoo kwangu, nakupa zaidi, na chakula cha mchana juu. Serikali ya Edward III ilitoa amri mwaka 1349 kwamba ujira urudi ulivyokuwa 1346, na mwaka 1351 bunge likaiongezea makali. Watu walitozwa faini kwa maelfu. Lakini aliyetunga sheria bungeni ndiye aliyeivunja shambani kwake, kwa kuwa ngano haingoji. Mwaka 1363 likaja jaribio la kuchekesha la kuwapangia watu mavazi kwa tabaka, maana wakulima walianza kuvaa "kupita hadhi yao". Lilifutwa muda mfupi baadaye.

Muda mrefu baada ya 1348 vyakula vilikuwa ghali, na nyongeza ya ujira ililiwa na bei. Nafuu ya kweli ilikuja bei ya nafaka iliposhuka katika miaka ya 1370. Na makabaila hawakukubali kirahisi. Kodi ya kichwa ya 1380 iliwaumiza sana maskini, na Juni 1381 wakulima wa Kent na Essex waliingia London wakidai utwana ukome. Kiongozi wao, Wat Tyler, aliuawa Smithfield mbele ya mfalme mvulana, Richard II, na ahadi zote zikafutwa. Utwana ulikuja kufa polepole katika karne ya 15, bila tamko lolote, kwa sababu tu watu walihama na hapakuwa na wa kuwarudisha.

Angalia jambo moja hapo. Shamba la Kiingereza lililokosa mlimaji halikuharibika. Mvua iliendelea kunyesha, majani yakaota, mwenye ardhi akaleta kondoo na mchungaji mmoja. Nusu ya watu wakiondoka, nusu ya ardhi nzuri kuliko zote bado inazalisha vilevile.

Misri hakuna mvua, au ni kidogo mno. Kila kitu kinategemea mafuriko ya Nile, ambayo maji yake mengi ni mvua za Ethiopia. Mto ulianza kupanda kiangazi, na watu wa Kairo wakausoma kwenye nguzo yenye vipimo katika kisiwa cha Rawda. Ukifika dhiraa 16 mfereji wa mji unafunguliwa na watu wanashangilia, maana mwaka utakuwa wa shibe. Lakini mto ukiachwa ufanye utakavyo unafurika huku na kuacha kule. Ili shamba lilimwe, bonde lote lilikuwa limekatwakatwa kwa matuta makubwa kuwa mahodhi. Maji yanaingizwa kwa mifereji, yanatuama kwa wiki kadhaa mpaka udongo ushibe na tope la rutuba litulie, kisha yanafunguliwa yashuke hodhi la chini yake. Mbegu zinatupwa kwenye tope bichi.

Mfumo huo unadai kazi kila mwaka kabla maji hayajarudi: kuchimbua mchanga uliojaa mferejini, kushindilia matuta, kuziba nyufa. Matuta madogo yalikuwa ya kijiji chenyewe. Yale makubwa, yaliyohudumia vijiji vingi, yalikuwa ya sultani, na ofisa wake ndiye aliyekusanya watu, ng'ombe na gharama. Sasa toa nusu ya watu. Kazi haipungui nusu! Tuta ni refu vile vile. Likikatika sehemu moja juu, vijiji vya chini vinakosa maji mwaka huo, hata kama watu wa huko hawakufa hata mmoja. Mkulima wa Misri aliyenusurika alikuwa haba kama mwenzake wa Kent, lakini uhaba wake ulikuwa unamharibia shamba lake mwenyewe.

Kisha kuna suala la mwenye ardhi. Mmamluki hakuwa kabaila wa Kiingereza anayekaa kijijini na kuhesabu kondoo wake. Aliishi Kairo. Sultani alimgawia mapato ya vijiji, mara nyingi vilivyotawanyika, kwa mfumo ulioitwa iktaa, kwa viwango vilivyopangwa katika upimaji mkubwa wa ardhi wa mwaka 1315. Hakumrithisha mwanawe, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kutazama miaka 20 mbele. Makarani walikwenda kijijini na daftari la zamani. Kama zamani kijiji kililipa kiasi fulani, kitalipa hicho hicho, hata kama waliobaki ni wachache. Mkulima wa Uingereza alikuwa na kabaila wa pili wa kumkimbilia. Wa Misri, popote alipokwenda, alikutana na dola ile ile, daftari lile lile.

Al-Maqrizi anaandika kwamba jimbo la Asyut, lililokuwa na walipa kodi 6,000, lilionekana kuwa na 116 tu baada ya tauni. Sina hakika kama hao wengine wote walikufa. Ningekuwa mimi mlipa kodi wa Asyut mwaka ule, ningehakikisha karani hanioni. Baadhi ya askari walilazimika kushuka mashambani kuvuna wenyewe, jambo la aibu kwa mtu wa farasi. Mahodhi yaliyoachwa yakawa malisho ya Mabedui. Na tauni haikuja mara moja. Ilirudi kila baada ya miaka michache, ile ya 1429 na 1430 ikiwa kali sana, na kila iliporudi iliwamaliza Wamamluki wapya, wavulana waliotoka tu nyikani. Sultani akalazimika kununua wengine, kwa fedha zile zile za wakulima. Kufikia mwanzo wa karne ya 16, kwa hesabu za baadhi ya wanahistoria, mazao ya ardhi ya Misri yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya nusu.

Kama unataka kuona harusi ya Misri, ipo. Waliokufa bila mrithi mali yao iliingia hazina, na mwaka ule mirathi iliweza kupita mikono kadhaa ndani ya siku chache hadi ikakosa wa kuipokea. Yule Sultani Hasan aliyehamishiwa Siryaqus alipokua, mwaka 1356, alianza kujenga msikiti chini ya ngome ya Kairo, mmoja wa mikubwa kuliko yote ya zama zile. Inasemekana fedha zake zilitoka humo. Umesimama mpaka leo.

Ili wanafunzi wasiondoke na picha ya "Ulaya ilifaulu, Uislamu ukashindwa", wape Poland na Prussia. Huko nako watu walikuwa haba, na mwisho wake makabaila wa karne ya 15 na 16 waliwafunga wakulima kwenye ardhi kwa nguvu zaidi. Nafaka ya kuuza Ulaya magharibi ilihitaji mikono, miji ilikuwa dhaifu, na makabaila walishikamana. Uhaba ule ule wa watu uliomfungua minyororo mkulima wa Kent ulimfunga wa Prussia. Swali la mtihani ningelitunga hapo, si kwenye tarehe.

Kuhusu Lushoto: ndiyo, kimelea ni kile kile, *Yersinia pestis*, alichokitambua Alexandre Yersin huko Hong Kong mwaka 1894. Kuanzia 1980, kwa zaidi ya miaka 20, vijiji vya Usambara Magharibi vilipata wagonjwa kwa maelfu, na watafiti wa panya wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, wamefanya kazi nyingi huko. Ituri, Congo, bado inaugua, na Madagascar mwaka 2017 ilipata mlipuko wa tauni ya mapafu uliofika mijini. Tofauti na 1348 ni kwamba leo streptomaisini na doksisaiklini vinaitibu vizuri, ikiwa mgonjwa atawahi. Kwa ile ya mapafu, kuwahi maana yake ni ndani ya siku moja tangu homa ianze. Wazee wa Lushoto watakuambia walijua mapema kuliko zahanati: panya walipoanza kufia ndani ya nyumba, mchana, bila kutegwa.